Mbio Zilizotangazwa Kanisani

Nilianza kukimbia kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyebeba gunia la muhogo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwenye vilima vya Kabare, juu ya Bukavu, na kila mwisho wa mwezi nilishuka hadi soko la Nyawera kununua chaki na sabuni, kisha nikapanda tena kwa miguu. Siku hiyo nilikuwa napanda. Yule mama alitokea nyuma yangu, kamba ya mzigo ikiwa imekaza kwenye paji la uso wake, akaniamkia kwa adabu, akanipita. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa, ubeti baada ya ubeti, bila kukatika pumzi. Mimi niliyebeba boksi moja la chaki nilishindwa hata kumwitikia salamu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na tumbo la mtu wa hamsini. Enzi hizo za Zaïre mwalimu alivaa abakosti iliyofungwa hadi shingoni. Vazi hilo liliweza kuficha shati lililochakaa lakini tumbo halikuweza kulificha. Mke wangu, ambaye hajawahi kuninyima ukweli, aliniangalia jioni ile nikiwa nimelala chali kwenye mkeka, nahema.

“Citoyen,” alisema, akiniita “mwananchi” kama serikali ya enzi hizo ilivyoagiza, “ile tumbo utaizala mwezi gani?”

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira zangu zimenifanyia mema mengi kuliko busara zangu. Jumamosi iliyofuata niliamka kabla ya jogoo, nikavaa viatu vyangu vya turubai na kofia ya sufu, nikatoka kukimbia kabla ya saa za salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka kando ya barabara.

Nani angeniambia kwamba kukimbia kungenipendeza namna ile? Ukungu ulikuwa umejaa mabondeni, na vilele tu vilikuwa vimetokeza. Njia ilikuwa nyembamba, yenye udongo mwekundu ulioloa, ikipita katikati ya migomba na mashamba ya maharage. Nilipoanza kuteremka nilihisi miguu inanitangulia, nikacheka peke yangu. Nilikimbia hadi kijito cha pili, nikanywa maji, nikapumzika kwenye jiwe kwa muda mrefu nikijisifu, halafu nikarudi kwa njia ileile, safari hii nikitembea kwa sababu mapaja yalikuwa yanatetemeka.

Njiani nilikuta kilio. Kwenye ua wa mama mmoja mjane, watu walikuwa wamejaa. Wanawake walikuwa wameketi chini wakilia, wanaume wameketi pembeni na majembe yao, kazi imeachwa. Nilivua kofia. Nikaingia, nikaketi kwa wanaume, nikainamisha kichwa kama inavyompasa mwalimu. Baada ya muda nikamuuliza jirani yangu kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki.

“Hatuyue bado,” alinijibu. “Kuko mutu alipita hapa na mbio.”

Nilitazama miguu yangu. Ilikuwa na matope hadi magotini.

Lazima nieleze, kwa maana mimi mwenyewe sikujua. Nilizaliwa Kadutu, mjini, ambako mtu hukimbia kwa sababu mvua imeanza. Kwenye vilima, habari njema hutembea. Kinachokimbia ni msiba. Mtu akifa, mwenye miguu mizuri hutumwa kwa ndugu walio mbali, naye hukimbia njia yote. Akifika hasemi. Anapewa kiti, anapewa maji, anaulizwa habari za huko atokako, naye anajibu kwamba huko ni salama, hakuna kitu. Anakunywa. Pumzi ikishatulia, ndipo anataja jina. Kwa hiyo yule mjane alipoona kivuli kinapita mbio kwenye ukungu mbele ya ua wake, aliona kinachoonwa na kila mtu wa pale. Tena alikuwa na sababu yake: mwanawe wa pekee alikuwa ameenda Shabunda kuchimba dhahabu, na Shabunda ni msitu mkubwa, mashimo huanguka na homa haichagui.

Nilisimama mbele ya watu wote nikakiri. Sijawahi kuona kilio kinakatika ghafla vile. Mjane akajifuta uso kwa kitenge chake, na nikaona kwamba hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa amechoka tu. Hilo liliniumiza zaidi ya matusi ambayo nilikuwa nimejiandaa kuyapokea.

Mzee wa kilima ndiye aliyekuwa na la kusema. Alikuwa mtu mkavu, na kiko chake hakikutoka mdomoni hata aliposema.

“Mwalimu, hapa kwetu mutu anakimbiaka juu ya moto, ao juu ya mwizi, ao juu ya kufa. We ulikuwa nakimbia juu ya nini?”

“Juu ya tumbo, muzee.”

Walicheka, hata waliokuwa wakilia walicheka, na pale nikajua kwamba sitafukuzwa. Lakini hukumu ilitoka. Ningeruhusiwa kukimbia siku za mashindano peke yake, yale yaliyotangazwa kanisani, ili kila mtu ajue mapema kwamba miguu ile haibebi habari ya kifo cha mtu. Siku nyingine zote ningetembea kama watu.

Nasema kweli, wangeniacha nikimbie nitakavyo, ningeacha ndani ya wiki mbili. Ninajijua. Mvua ya kwanza ya Oktoba ingenirudisha kitandani. Lakini kunikataza mimi kitu! Jumapili hiyohiyo baada ya misa nilimfuata katekista, aliyekuwa na daftari la kuandikisha wakimbiaji wa sikukuu ya parokia, nikamwambia aandike jina langu. Kisha nikamuuliza ni wapi kwingine kuna mbio. Alinitajia shamba la chai, ambako wachumaji walishindana baada ya mavuno. Alinitajia parokia ya ng'ambo ya bonde, na shule moja ya mapadre iliyofanya mbio za kupanda mlima kila Pasaka. Nilijiandikisha kote.

Majina yalisomwa mwisho wa misa, baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya yale ya michango. Mtu ambaye hajawahi kusikia jina lake likisomwa pale, mbele ya wanafunzi wake na wazazi wao na mke wake aliyebana midomo asicheke, hajui maana ya kuamka mapema. Tangu siku ile huwezi kuumwa, huwezi kusingizia goti. Wiki nzima watoto wanakuuliza darasani. Kama kuna dawa nyingine ya uvivu, mimi sijaipata.

Na mazoezi? Nilitembea. Kutembea haraka hakukukatazwa. Nilipanda kutoka Nyawera na vitabu vya shule nzima mgongoni, nikitupa kiuno huku na huku kama bata, na wanawake wenye mizigo walinipita wakinipa pole. Mwaka wa pili nilikuwa natembea nao. Mwaka wa tatu kuna mmoja niliyempita, ingawa alikuwa mjamzito.

Ah, lakini siku za mbio! Kwenye shamba la chai tuliondoka kwa mdundo wa ngoma, watu sitini, wengi wao peku, na wale peku ndio waliokuwa wa kuogopwa. Nyayo zao zilishika matope ambayo viatu vyangu viliteleza juu yake. Mbio zetu hazikuwa na njia moja. Uliambiwa tu pa kuanzia, pa kumalizia, na vikanisa vya vilimani ambavyo lazima upite ukapigwe alama ya chaki mkononi. Kati ya kikanisa na kikanisa kila mtu alifuata njia aijuayo. Hapo ndipo utamu ulipokuwa. Unamwona mtu mbele yako anazunguka kilima, nawe unajua kuna kijia kinachokatiza kwenye mikaratusi, unajitosa, unatokea mbele yake una majani kichwani, naye anakutukana kwa Mashi, lugha ya vilimani, huku anacheka. Mara ya kwanza nilikuwa wa mwisho kasoro mmoja, na huyo mmoja alikuwa katekista. Nilikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, pamoja na waliotangulia, na nikarudi nyumbani nimefurahi kama niliyeshinda mbuzi wa zawadi.

Yule mjane nilianza kumtembelea kwa sababu ya aibu, kisha kwa sababu ya barua. Mwanawe alimwandikia kupitia wafanyabiashara wa dhahabu waliofika Nyawera, na barua ziliachwa shuleni kwetu. Mama hakujua kusoma. Nilimpelekea, nikamsomea, mara mbili, mara tatu, nikamwandikia majibu. Nilipata kijia changu kupitia migombani hadi nyuma ya ua wake, kifupi kuliko njia kuu ya mgongo wa kilima. Kwake nilikwenda natembea, tena polepole, na nilianza kuita salamu nikiwa bado mbali ili asistuke.

Mwaka wa nne likaja tangazo lililonikosesha usingizi. Parokia kubwa ya mjini ilikuwa inaandaa mbio ndefu kutoka kijiji cha Miti hadi Nyawera kwa kupitia vilimani, na watu kumi wa kwanza wangefanywa timu ya parokia. Wangepewa fulana ya manjano. Wenye fulana wangefanya mazoezi siku yoyote wanayotaka.

Nilikimbilia kwa mzee wa kilima. Hapana, nilitembea. Nikamuuliza kama ni kweli.

“Ile rangi itaonekana mbali,” alisema. “Mwenye kuivaa, tutamuachilia.”

Basi, mtu wa kumi. Hicho ndicho nilichokitaka kuliko kupandishwa mshahara: kuamka siku yoyote ya Mungu nikakimbia. Katika mbio za mwisho nilikuwa nimemaliza wa kumi na tano, na za kabla yake wa kumi na tatu. Nilihesabu waliokuwa mbele yangu mmoja mmoja, nikajua nani amehamia Goma, nani ameumia kifundo cha mguu. Sikuona haya. Mke wangu alinikuta nahesabu kwa vidole usingizini.

Tuliondoka Miti asubuhi, baada ya baraka, tukiwa zaidi ya mia. Mvua ilikuwa imenyesha ikaacha, na hewa ilikuwa baridi yenye harufu ya moshi na majani. Nilikimbia siku ile kama sijawahi. Kwenye mlima wa kwanza niliwapita vijana wa chuo waliotoka na haraka za ujana. Kwenye kikanisa cha kwanza mkono wangu ulipigwa chaki, wa ishirini na mbili. Cha pili, wa kumi na nne. Watu walikuwa wamejaa kando ya njia, wakipiga vigelegele kwa kila mkimbiaji anayepita, hata wasiyemjua, na kila kelele ilinisukuma. Wanafunzi wangu walikimbia kando yangu wakiimba namba yangu ya kifuani. Nilikuwa nalia kidogo, sijui kwa nini, na kucheka. Cha tatu, katekista aliniinulia vidole tisa.

Wa tisa! Mbele yangu kulikuwa na mgongo wa kilima changu mwenyewe, njia kuu inayozunguka, na nyuma yangu nilisikia pumzi za watu wawili. Wenzangu wote walifuata mgongo. Mimi nilijua kijia cha migombani. Sikufikiri. Nilijitosa kushoto na kuteremka kwa miguu iliyojua kila mzizi, nikahesabu kwamba nitatokea wa saba, nikatokeza kwenye ua wa mjane nikiwa kwenye mbio kali.

Alikuwa ameketi mlangoni anapepeta maharage. Alijua kwamba siku hiyo kuna mbio. Alikuwa kanisani, alisikia jina langu. Lakini mbio zilikuwa juu, mgongoni, na vigelegele vyake vilisikika kutoka huko. Alichoona yeye ni mwalimu wa barua, ameacha mbio za watu, anakuja peke yake kwake, anakimbia. Na barua hazikuwa zimefika kwa miezi saba.

Ungo ulimtoka mikononi. Hakulia. Alisimama, akavuta kigoda, akakiweka mbele yangu.

“Ikala, mwalimu.”

“Mama, hakuna kitu,” nilisema. “Niko mu mashindano tu. Napita.”

Aliingia ndani, akarudi na kikombe cha maji. Maji yalimwagika kwenye kitenge chake.

“Kunywa.”

“Kweli, mama, kule ni salama. Sikupata habari yoyote.”

“Njo vile banasemaka,” alijibu. “Kunywa kwanza.”

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Kila neno la kweli nililokuwa nalo, wajumbe wa vifo walikuwa wameshalitumia kabla yangu. Kadiri nilivyosema hakuna kitu, ndivyo alivyozidi kuamini. Juu mgongoni vigelegele vililipuka: mtu amepita. Nikahesabu, wa tisa sasa ni yeye. Niliketi kwenye kigoda. Nikamwonyesha mikono yangu mitupu, yenye alama za chaki. Nikageuza mfuko wa kaptura. Vigelegele tena. Alikuwa amepiga magoti mbele yangu, uso wake karibu na wangu, akinisoma kama mtu anayejua kusoma.

“Mbona uliacha benzako?” aliuliza. “Bote bako kule yulu. Mbona we ulikuya kwangu?”

“Juu njia yako ni fupi, mama. Nilitaka kubapita.”

Ilikuwa kweli, na ilisikika kama uongo mbaya kuliko wote. Mwanawe alirudi mwaka uliofuata, mwembamba, mwenye ndevu, na kidole kimoja pungufu. Lakini siku ile si mimi wala yeye aliyejua kama yuko hai. Sikuweza kumwapia jambo nisilolijua. Vigelegele vya tatu vilikuja, na nikakiona waziwazi kitambaa cha manjano kinaondoka kwangu. Nikasema moyoni, kiondoke. Nitakaa hapa hadi jioni kama ni lazima.

Nadhani aliona nilipoamua kukaa, na ndipo macho yake yakawa mabaya kabisa. Kisha kitu kikamjia. Alisimama, akanipokonya kikombe ambacho sikuwa nimekinywa.

“Mwenye kuleta kufa hatokake,” alisema polepole, kama anayejifunza. “Anabakia, analia na benyewe. Kama hakuna kitu, toka.”

“Mama?”

“Toka na mbio. Mi nione.”

Nikatoka. Nasema mapema ili jambo hilo lisitusumbue: nilimaliza wa kumi na mbili, na fulana walivaa wengine. Lakini kutoka kwenye ua ule hadi ukingo wa shamba lake nilikimbia kuliko nilivyokimbia kokote, magoti juu, mikono ikipepea, nikitaka aone kila hatua. Kwenye ukingo niligeuka. Alikuwa amesimama katikati ya ua, viganja kifuani. Kisha akaziba sikio moja, kama wanavyofanya wakiita kilima cha pili, na sauti yake ikatoka, kubwa, yenye kicheko ndani yake.

“Mwalimu anakimbia bule! Anakimbia bule!”

Mwanamke wa ng'ambo aliyekuwa analima aliipokea akaipeleka mbele. Wa baada yake akaipokea. Kwenye vilima vile habari ikishaitwa haisimami, na ile ilikwenda kasi kunipita. Njia yote hadi mjini, kila niliposhuka bondeni na kupanda, nilikuta watu wamesimama kwenye mashamba wakinisubiri kunitazama, mtu ambaye anakimbia na hakuna aliyekufa, na waliniitia maneno yaleyale wakicheka. Nilicheka nao hadi Nyawera.

Jumatatu kabla ya shule nilivaa viatu vyangu vya turubai na fulana yangu ya zamani, nyeupe. Hakuna kanisa lililotangaza lolote. Mzee wa kilima alikuwa amesimama kwenye njia panda, kiko mdomoni.

“Leo ni bule tena?” aliuliza.

“Ni bule, muzee.”

Akasogea pembeni. Nilipita mbele ya ua wa mjane nikiwa mbio, kwenye ukungu, sikuita salamu. Alikuwa ameketi mlangoni anachagua maharage, na hakuinua kichwa.